Nilivyopaka chokaa mawe ya wazee wa karavani Durban, nusura nimkoseshe bibi wa watu kiwanja chake

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko kazini na mnaosoma kwa kujificha bosi asiwaone.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara yangu ya tatu. Uzi wangu wa kwanza mod aliufuta, na nikiusoma sasa kichwani naona alikuwa na haki.

Juzi kuna mdau kauliza kama kweli wazungu wastaafu wanahama na nyumba zao kipindi cha baridi, au ni mambo ya kwenye TV tu. Nikacheka peke yangu. Jibu lake ninalo, tena kwa mikono hii, maana nilifanya kazi huko wanakohamia.

Ninachosimulia ni kweli mwanzo mwisho. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Nina daftari la mwaka ule, kaunta-buku, nimelishusha kutoka juu ya kabati. Kona moja panya kaila lakini yanasomeka. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nikipinda njiani mninyooshe taratibu.

Haya.

Ilikuwa 1998, Durban. Nilikuwa nimeanzia Pinetown kiwandani, kazi ikaisha, nikahangaika, ndipo mwezi wa kumi mwaka wa nyuma yake nikapata kibarua kwenye caravan park moja kusini mwa mji, ukishapita Isipingo, upande wa baharini. Jina sitalitaja.

Kwa wasiojua: karavani ni kinyumba chenye magurudumu, unakifunga nyuma ya gari unakivuta. Ndani kuna kitanda, jiko, kabati. Park ni eneo lenye nyasi lililogawanywa viwanja vyenye namba. Unalipia kiwanja, unaegesha, unafungua turubai la mbele kama baraza, unachomeka umeme, unaishi. Bafu na sehemu ya kufulia ni za wote.

December wanakuja familia na watoto, kelele tupu. Lakini winter, June mpaka mwisho wa August, ni wazee.

Kule kwao juu, Joburg na Free State, asubuhi ya June nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu na maji yameganda kwenye bomba. Durban baridi ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Basi mzee akishastaafu anafunga nyumba, anavuta karavani lake, anakuja kukaa miezi mitatu. Wenyewe walijiita mbayuwayu, yule ndege anayefuata joto.

Wengi walikuwa Makaburu. Naandika hivyo kwa sababu ndilo neno nililokuja nalo kutoka nyumbani Singida, na nilikuja nalo likiwa na mzigo wote mnaoujua. Nitawaeleza nilivyowakuta, si nilivyotarajia. Wengine walikuwa vile vile nilivyotarajia. Wengine hapana.

Sasa kosa langu.

Meneja wetu alikuwa Mr Krish, Mhindi wa Isipingo, mtu wa haraka haraka, mpya kuliko hata mimi. Ndiye aliyeleta computer ofisini. Mwezi wa tano akaniita, "Hamisi, wazee wanakaribia. Fanya park ipendeze, bru." Akarudi kupigana na computer yake.

Wakuu, mwambie Mtanzania wa darasa la saba afanye mahali papendeze, halafu kaa pembeni uone.

Mliosoma shule za msingi za zamani mnajua. Siku mkaguzi anakuja, mwalimu wa zamu hasemi mara mbili. Mnafagia, mnamwagilia, kisha mawe. Kila jiwe linalozubaa linakamatwa, linapangwa pembeni mwa njia, linapigwa chokaa mpaka linang'aa kama jino. Mahali penye mawe meupe pana serikali. Ndivyo nilivyolelewa.

Na pale park mawe yalikuwepo! Karibu kila kiwanja kilikuwa na jiwe moja limekaa tu pembeni ya bomba, saizi ya mkate au zaidi kidogo. Baadhi yalikuwa na rangi rangi, maua, nyota, herufi. Nikasema hawa ni watoto wa December wamechora chora.

Nikayakusanya yote na toroli. Nikayapanga kuanzia getini mpaka bafuni, mstari kama wa jeshi. Nikanunua chokaa hardware ya Isipingo. Nikapaka koti mbili.

Daftari linasema: "Leo nimemaliza mawe. 43. Mikono inawasha. Mimi naona yamependeza, ila sijui kama boss naye ataona."

Mr Krish aliona. Kesho yake alisimama getini, akapiga mluzi, akasema, "Sharp, Hamisi. Sharp sharp." Nililala nimefurahi kama mtu aliyepewa cheti.

Siku chache baadaye nikamwona anapita kiwanja kwa kiwanja na karatasi. Mimi nyuma yake na reki. Akifika kwenye namba anaangalia chini, anasema, "Hakuna." Anaandika. Kingine, "Hakuna."

Nikamuuliza, "Hakuna nini, boss?"

"Basi tu, man. Inaonekana wazee wengi mwaka huu hawaji."

Hapa nimefikiri miaka mingi lawama ni ya nani. Angetaja neno jiwe, ningejua. Lakini na mimi ningeuliza mara ya pili, angetaja. Naona tugawane, ila kubwa nichukue mimi, maana toroli nilisukuma mimi.

June ikafika na misafara ikaanza.

Wa kwanza alikuwa Oom Dirk. Oom ni kama mjomba, wao humwita hivyo mwanaume yeyote mtu mzima, na mwanamke wanamwita Tannie, kama shangazi. Oom Dirk alikuwa dereva wa treni mstaafu, kaptula, soksi ndefu hadi gotini, na chanuo amelichomeka ndani ya soksi. Ndiye aliyejifanya mwenyekiti wa wazee ingawa hakuna aliyempigia kura.

Akashuka, akaangalia kiwanja chake, akazunguka bomba, akainama, akainuka.

"Jiwe langu liko wapi?" Aliuliza kwa Kikaburu, maana yake nilikuja kuijua baadaye.

Kufika jioni walikuwa saba wanaulizana hivyo hivyo. Wanapekua michongoma, wanachungulia chini ya matenki ya maji. Oom Dirk kwa macho yangu aliweka mguu juu ya jiwe moja jeupe pale njiani akafunga kamba ya kiatu, huku analaani mwizi wa mawe.

Mimi sikuelewa hata kidogo. Kiingereza changu kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko kusema, na wao kwa wao waliongea Kikaburu.

Aliyenifungua macho ni Mama Chantal, Mkongo wa Bukavu. Yeye aliajiriwa kipindi cha winter tu, upande wa kufua, na winter iliyopita alikuwepo. Siku yake ya kwanza kurudi akaniita kwa kidole.

"Bwana Tanzanie, kuya hapa. Majiwe ya bazee iko wapi?"

"Mawe gani, mama?"

"Majiwe! Kila muzee iko na yake. Akienda mwezi wa munane anaiacha kwa kiwanja, njo inamuchungia nafasi mpaka mwaka ingine. Tannie Hettie alinionesha yake, ya bulu, iko na tundege mbili..."

Macho yake yakaenda kwenye njia, kwenye ule mstari wangu wa jeshi. Yakarudi kwangu.

"Mungu wangu. Ni weye?"

Nikaanza kufagia mahali palipokuwa safi tayari.

"Batu bengine banaiba feza, weye unaiba majiwe!" Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya nguo.

Mimi sikucheka, kwa sababu ya hili ninalowaeleza sasa.

Mwezi wa tatu Oom Dirk alikuwa amempigia simu Mr Krish kuhusu huu utaratibu mpya wa kubook kwa computer. Wakakubaliana kwa uungwana kabisa: mwaka huu wa mwisho, kiwanja chenye jiwe ni cha mwenye jiwe. Kisicho na jiwe kinakwenda kwa atakayewahi kupiga simu. Mr Krish alipopita na karatasi yake hakuona jiwe hata moja. Akavigawa kwa waliopiga simu.

Wengi wao iliwezekana kuwasogeza huku na kule, wakanung'unika wakakubali. Namba 22 ikashindikana.

Namba 22 ilikuwa kona karibu na masinki ya kuoshea vyombo, ukikaa pale unaona bahari kati ya vichaka viwili na kila anayepita kuosha kikombe anakusalimia. Ilikuwa ya Tannie Hettie na mumewe Oom Sarel, winter kumi na tisa. Oom Sarel alifariki mwezi wa pili mwaka ule. Tannie hakuwahi kupiga simu kubook, jiwe ndilo lililowashikia nafasi, na mambo ya jiwe yalikuwa ya Oom Sarel.

Tannie Hettie alifika Alhamisi, karavani likivutwa na bakkie, yaani pickup, ya mwanawe Kobus. Namba 22 kulikuwa na Mr na Mrs Moosa kutoka Overport, wameshafungua turubai, wanakunywa chai.

Na hao Moosa hawakuiba. Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, kastaafu, kanunua karavani lake la kwanza maishani. Zamani park ile Mhindi asingelala humo, achilia mbali mimi. Alipiga simu kihalali na karatasi ya kubook alikuwa nayo, ameikunja vizuri kwenye mfuko wa shati.

Kuna siku nilimuuliza inakuwaje mtu wa Overport aje likizo nusu saa kutoka kwake, baridi si ni ile ile? Akanijibu, "Hamisi, sikimbii baridi. Nakimbia wajukuu."

Karavani la Tannie likaegeshwa kwa muda kwenye parking ya getini, juu ya kokoto. Akatoa kiti chake akakaa pale, anafuma sweta, kama mzigo uliosahaulika na basi.

Nilikuwa nafagia chini ya dirisha la ofisi Kobus alipokuwa anaongea na mama yake kwa Kiingereza, maana Mr Krish alikuwepo.

"Ma, baba hayupo. Kiwanja hakipo. Jumapili nageuza, karavani nauza, unakwenda kwenye ile home ya wazee. Chumba kimeshashikiliwa. Siwezi kukuacha peke yako kwenye parking."

"Ngoja kwanza Jumapili ifike," mama akasema.

Kobus nilimchukia siku ile. Nimeandika kwenye daftari neno baya nisingependa kulirudia. Ila ukimtazama kwa haki, alikuwa kijana aliyezika baba miezi minne nyuma na anaogopa kuzika mama. Ningekuwa mimi sijui ningesema nini.

Nikajua kuwa ni mimi na Mama Chantal tu tunaojua, na yeye aliniachia niseme mwenyewe. Na nikanyamaza Ijumaa nzima.

Niwaambie sababu. Nilikuwa nalala chumba cha wafanyakazi nyuma ya stoo, kazi ikienda na chumba kinakwenda. Karatasi zangu zilikuwa za kurudi kugonga muhuri kila mara. Sizisemi kama utetezi. Ndivyo nilivyowaza tu.

Ijumaa jioni nikapita na toroli pale parking. Tannie akaniita. Nikasimama.

"Ni wewe uliyepaka haya mawe?"

"Yes, Tannie."

"Yanapendeza mno. Shule niliyosoma, kule shambani, tulikuwa tunapaka hivi hivi akija inspekta."

Wakuu, nilimwangalia yule bibi. Mkaburu wa Free State na mimi wa Singida, tumepakishwa mawe na aina moja ya mwalimu. Nikatamani anitukane kuliko kunisifu.

Jumamosi saa nne wazee walikuwa na chai yao ya pamoja pale kwenye masinki. Kila mtu na kikombe chake, na akina Moosa walialikwa pia, ingawa walikaa kidogo pembeni. Oom Dirk alikuwa anapiga meza kuhusu uhuni wa siku hizi. Mr Krish amekuja kutuliza.

Nikajongea na kofia mkononi. Hotuba niliyoiandaa usiku ilikimbia yote. Nikasema, "Mawe. Ni mimi. Yapo." Nikanyoosha kidole.

Vichwa vyote vikageuka kuelekea njiani. Mawe yangu yalikuwa yanang'aa juani, meupe, yamenyooka.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mrs Moosa. Alijiziba mdomo na ncha ya mtandio, ikashindikana. Kisha Oom Dirk akasema polepole, "Siku nne. Siku nne nafungia kiatu juu ya jiwe langu mwenyewe." Hapo meza nzima ikaangua kicheko.

Si wote. Mzee mmoja alisema nifukuzwe, na mama mmoja alilia kwa sababu maua ya jiwe lake yalichorwa na mjukuu aliyehamia Australia. Hao wawili walikuwa na haki yao. Nilikwenda kwa kila mmoja nikaomba samahani peke yake.

Mr Krish akaja kusimama upande wangu. "Na mimi nilipita na karatasi nikaona 'hakuna', huku nimesimama katikati yake," akasema. "Tukifukuzana tuondoke wote wawili." Halafu akawageukia wazee. "Makubaliano yako pale pale. Jiwe likipatikana, kiwanja ni cha mwenye jiwe."

Basi ikawa sherehe. Uzuri ni kwamba chokaa ni ya maji, na wazee walitumia rangi ya mafuta. Mabeseni yakatoka, brashi za viatu, siki ya jikoni. Wazee wa miaka sabini wamekaa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na jiwe mapajani anasugua. Mama Chantal anapita katikati yao kama sajenti.

"Sugua, Oom, sugua! Ni kama sufuria ya bugali iliungua!"

Oom Dirk haelewi neno, anasugua.

Yakaanza kutokea moja moja. Nyota. Treni ndogo ya Oom Dirk, ina mpaka moshi. Jogoo. Kila likitokea wanapiga kelele kama goli. Hata Kobus alikunja mikono ya shati akasugua matatu ya watu. Yale maua ya Australia yakatoka mazima, namshukuru Mungu.

Kufika saa saba mawe yalikuwa yameisha. La bluu lenye ndege wawili halikuwemo.

Wakayahesabu. Arobaini na mbili.

"Yalikuwa arobaini na tatu," nikasema.

"Una uhakika?" Kobus akauliza, si kwa ubaya.

Huo ndio udhaifu wangu, wakuu. Mtu akiniuliza kama nina uhakika, uhakika unaondoka. Hesabu na mimi hatujawahi kuwa marafiki. Nilianza kuamini kwamba nilihesabu vibaya, kwamba labda jiwe la bibi nililitupa na majani, kwamba mimi ndiye nitakayempeleka kwenye ile home kwa mkono wangu. Tannie alikuwa ameshakausha mikono, anamwangalia mwanawe.

Nikakimbia chumbani kuleta daftari.

Nikafungua mbele yao wote. Ukurasa wa mawe: 43, koti mbili. Ukurasa unaofuata nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu, hata sikuukumbuka:

"Upepo mkali. Mr Krish kaomba jiwe la mlango. Nimempa lile bapa."

Nikainua macho. Mr Krish naye akainua macho.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa wazi wiki nzima, wakati kila mzee anaingia kulalamika na kutoka. Umeshikiliwa na jiwe bapa jeupe.

"What kind!" Mr Krish akashika kichwa, ndivyo Wahindi wa Durban wanavyoshangaa.

Tukaenda kundi zima. Nikalibeba mimi, nikampelekea Tannie na beseni. Hakutaka msaada. Aliosha taratibu, kama unavyoosha mtoto uso. Bluu ikatoka, kisha mbayuwayu wawili, mkia wa mmoja umepinda kidogo.

Akaligeuza upande wa chini. Kule kulikuwa na nukta nyeupe, mistari miwili.

Akatueleza: kila winter ilipoisha, yeye akifunga vyombo, Sarel alikuwa anapaka nukta moja. Winter moja, nukta moja.

Kobus akazihesabu kwa kidole. Akarudia. Akamwangalia mama yake.

"Ma, mmekuja mara ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Hapa ziko ishirini."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye jiwe.

"Labda alikosea," Kobus akasema kwa sauti ya chini.

"Inawezekana kabisa," Tannie akajibu. "Baba yako hajawahi kupata hesabu sawa, hata ya watoto wake. Mpaka wewe unazaliwa alikuwa anasema bado mmoja." Akapitisha kidole juu ya ile ya mwisho. "Lakini nukta ipo. Siwezi kuiacha bure."

Mimi sijui hadi leo. Mama Chantal aliapa kuwa mzee alijua anakufa, akamwachia mkewe winter moja mbele. Lakini Tannie alituambia ugonjwa ulianza baada ya kurudi nyumbani. Naandika yote mawili, kila mtu achague.

Mzee Moosa alisimama. Akatoa ile karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini," akasema. "Ishirini ni ishirini." Akaenda kuanza kung'oa vigingi vya turubai lake.

"Ngoja wewe mzee!" mkewe akamfokea. "Unang'oa unahamia wapi, barabarani?"

Nikasema, "Namba 21."

Namba 21 ilikuwa pembeni yake, imejaa vifusi vya bafu la zamani tangu kabla sijaja, haikuwa hata kwenye computer. Kila mtu alikuwa ameizoea kama kilima.

"Nitaisafisha mimi. Leo."

Sikuisafisha peke yangu. Kobus alisukuma toroli kwa viatu vya kanisani. Oom Dirk alileta sepeto. Katikati ya kazi akasema, "Hamis, shika huku." Ndiyo mara ya kwanza aliita jina langu, kabla ya hapo nilikuwa "wewe hapo". Nimeiwekea alama kwenye daftari.

Saa kumi na moja jioni akina Moosa wakahamia 21, Tannie akaingia 22, na jiwe likarudi pembeni ya bomba.

"Ila nina sharti," Mzee Moosa akasema, anafuta jasho. "Na mimi nataka jiwe."

Jumapili Kobus aliondoka na bakkie tupu. Getini alinipa namba yake kwenye kipande cha pakiti ya sigara. "Ukiona hali si nzuri, nipigie." Nilimpigia kila Jumapili winter nzima kutoka simu ya sarafu. Mara nyingi nilimwambia mama yako yuko kwa Moosa anacheza karata, na anashinda.

Winter ile ilikuwa ya kicheko. Samosa za Mrs Moosa ziliingia kwenye chai ya saa nne na hazikutoka tena. Oom Dirk aliziogopa pilipili siku ya kwanza, siku ya tatu akawa anauliza mbona zimechelewa.

Mwisho wa August wakapaka mawe. Mzee Moosa alichora kikombe cha chai. Tannie akapaka nukta yake ya ishirini na moja. Nikamuuliza kwa woga, Tannie, winter si ilikuwa ya ishirini? Akasema, "Ndiyo. Ila Sarel alipaka moja mbele, na mimi sitaki kuharibu mtindo."

Alifikisha nukta ishirini na nne. Yaani alirudi winter tatu zaidi, ya mwisho 2001.

Asubuhi walipoondoka wote nilikuta jiwe mlangoni mwa chumba changu. Halikuwa na picha yoyote. Walilipaka chokaa tu, koti mbili, kutoka kwenye gunia langu mwenyewe. Chini yake nukta moja.

Park yenyewe leo imebadilika. Sehemu kubwa ni vinyumba vya kudumu, geti la umeme, kubook ni kwenye simu. Wazee wa kuvuta karavani wamebaki wachache. Sitasema ilikuwa bora zamani. Zamani maji ya moto yaliisha saa mbili asubuhi, na zamani zaidi Mzee Moosa asingepita getini. Mawe tu ndiyo siyaoni.

Nilichojifunza si kikubwa. Kabla hujapapendezesha pa watu, uliza kwanza kile kinachozubaa kinafanya kazi gani. Na ukiharibu, sema mapema, mimi niliyenyamaza siku nzima najua uzito wake. Na andika, wakuu, hata kama mwandiko ni wa kuku. Mstari mmoja wa ovyo ulimrudishia bibi wa watu nafasi yake.

Mimi sasa naishi Pinetown, nina mke na fundi bomba ndiyo kazi. Jiwe liko mlangoni. Mvua huwa inalivua chokaa, nami nalivika tena. Wiki iliyopita tu nimelipaka.

Sasa semeni nyie. Nani mwingine alipakishwa mawe shuleni, na nani ashawahi kuharibu kitu cha watu akidhani anapamba? Na mnaoona ile nukta ya ishirini mzee alikosea tu kuhesabu, leteni hoja, nitasoma zote. Mimi mwenyewe naamka siku nyingine niko upande wenu.